Keki kwenye Ngazi za Nyumba ya Maombi

Skarvøy, 12 Septemba 1971

Shangazi Målfrid mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kisiwani. Viazi tumevuna vyote, na mgongo wa mama umepinda kama ndoana, lakini anasema yeye ni mzima, kwa hiyo nami nakuandikia kwamba ni mzima. Kondoo dume ameuzwa. Paka hajauzwa kwa sababu hakuna anayemtaka. Shuleni naendelea vizuri katika masomo yote isipokuwa mazoezi ya viungo, ambako mwalimu ameandika neno moja tu kwenye ripoti yangu: "Anahudhuria."

Habari kubwa ni kwamba Bibi Oline ameteleza akitoka nyumba ya maombi na kuvunjika nyonga. Amefundisha shule ya Jumapili tangu baba akiwa mtoto, basi hakuna mtu mwingine anayejua kazi hiyo hufanywaje. Wazee walikutana, kisha baba, kwa kuwa ndiye mwenyekiti, akaja jikoni kuniambia nimechaguliwa mimi. Nikamwuliza kwa nini.

"Unasoma sana na husemi sana," akasema.

"Lakini baba, ualimu ni kusema."

"Bwana atakifungua kinywa chako." Akaenda kuosha buti zake.

Jumapili iliyopita Bwana hakukifungua. Watoto walinitazama, nami nikawatazama. Bibi Oline ana ubao uliofunikwa kitambaa, na watu wa Biblia wa karatasi hunata juu yake. Zakayo amepotea, kwa hiyo nilimpandisha Farao mtini. Petro amebaki na mguu mmoja. Solbjørg, binti wa mwenye duka, ana miaka saba na hana meno ya mbele. Aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, Petro alizama kwa sababu ya mguu?" Nikasema huenda. Baada ya hapo tulianza kuelewana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi Mei nitapata kipaimara. Naomba uje, Shangazi. Kila Krismasi unanitumia vitabu na ninavisoma mpaka kurasa zinaachana, lakini uso wako siukumbuki. Picha yako iko kabatini, nyuma ya sahani za wageni. Nilipomwambia baba kwamba nitakualika, alitoka kwenda kuangalia kama mashua inavuja. Mashua iko nchi kavu, imepinduliwa.

Mwanao,
Ingjerd


Vardø, 3 Oktoba 1971

Ingjerd wangu,

Huku sisi hatujambo. Nikisema sisi, ni mimi na redio. Theluji ya kwanza imeanguka na ikajuta, ikayeyuka. Bado napika kwenye kantini ya kiwanda cha samaki. Watu wanaonuka samaki toka utosini hadi kwenye soksi wananijia kila siku kulalamika kwamba supu yangu ina samaki.

Pole yake Oline. Alinifundisha hata mimi. Alituambia Mungu anaona kila kitu, hata chini ya blanketi, nami kwa miaka miwili nikawa nalala nimevaa kofia, kwa heshima.

Usiwaogope hao watoto. Watoto wa Skarvøy ni watu wazuri sana mpaka wanapokua na kuchaguliwa kwenye kamati. Ila usiwahubirie. Wape kitu cha kufanya. Mimi habari zote za upendo nilizisikia nikiwa nimekalia mikono yangu ili nisichezeshe vidole, na mpaka leo nikisikia neno upendo, vidole vyangu vinakufa ganzi.

Kuhusu Mei: Mei ni mbali mno, mwanangu. Kati yetu na Mei kuna giza lote la majira ya baridi. Je, gauni limeshashonwa? Mwambie mama yako asiweke kola ile ya kukaba. Mimi katika picha yangu ya kipaimara ninafanana na mtu anayenyongwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Nisalimie mama yako. Nisalimie paka.

Shangazi Målfrid


Skarvøy, 24 Oktoba 1971

Shangazi mpendwa,

Barua yako ilifika siku ya kuchinja kondoo, kwa hiyo bahasha ina doa, lisikutie hofu. Mama amecheka kuhusu kola na ameahidi kuipunguza. Nilikuwa nawasomea barua mezani. Baba alikuwa amesimama dirishani ametupa mgongo. Nilipofika kwenye salamu za paka na kunyamaza, alisubiri kidogo.

"Ndiyo imeisha?" akauliza.

"Imeisha."

"Mm," akasema. Akaenda kuangalia ile mashua.

Nimeufuata ushauri wako. Kila Jumapili nachagua neno moja ambalo mtu anaweza kulitenda kwa mikono na miguu yake, na watoto wanalitenda wiki nzima. Nilidhani litakuwa jambo dogo. Wiki ya kwanza tulijifunza tusisumbukie ya kesho, na Jumatatu hakuna mtoto aliyepeleka kazi za nyumbani shuleni. Wiki ya pili tulijifunza kwamba mtu akikuomba koti, mpe na joho. Ndugu wawili wakarudi nyumbani kwenye mvua wakiwa na fulana tu, na Solbjørg akarudi amevaa makoti matatu. Nilipomwuliza, alisema, "Mimi ndiye niliyeomba, mwalimu."

Wazazi walikuja kwa baba. Nilikuwa ngazini juu nikisikiliza, naomba radhi kwa hilo. Mama Tomine ndiye aliyepiga kelele zaidi, ingawa hana mtoto mdogo. Alisema mafundisho ya Biblia ni mazuri lakini yana mahali pake.

"Mahali gani?" baba akauliza.

"Kwenye Biblia, Reinert!"

Baba akasema, kwa ile sauti yake ya mimbarini, "Neno ni neno. Sisi hatulichagui kama mtu anayechagua viazi." Wakaondoka. Nilijivunia sana baba usiku ule.

Sasa naomba nikuulize, na usikasirike. Kwa nini uliondoka Skarvøy? Mama anasema, "Muulize mwenyewe." Baba anasema, "Muulize mama yako."

Mwanao,
Ingjerd


Vardø, 14 Novemba 1971

Ingjerd,

Jua limebakiza siku chache tu lituage, lisionekane tena mpaka Januari, na watu wanatembea wakilitazama kama mgeni aliyeshika kofia mlangoni. Nimefua mapazia. Goti langu la kushoto linatabiri hali ya hewa kuliko redio.

Nimecheka kuhusu makoti matatu mpaka mpangaji wa juu akagonga sakafu. Huyo Solbjørg, mwangalie vizuri. Atakuwa mtakatifu au mwenye duka.

Kuhusu swali lako, nimeliweka juu ya rafu nikalitazama kwa siku kadhaa, na sasa nalirudisha. Mwulize baba yako ni wimbo gani waliouimba siku ya mazishi ya bibi yako, na kwa nini waliurudia. Akikujibu sawasawa, utakuwa umepata zaidi ya nilichopata mimi.

Shangazi Målfrid


Skarvøy, 5 Desemba 1971

Shangazi mpendwa,

Sisi ni wazima wa mwili. Salamu nyingine nitaziruka kwa sababu kuna jambo limetokea, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine, ingawa sijui huko Vardø ungelisikia kwa nani.

Jana ilikuwa bahati nasibu ya misheni. Unajua ilivyo: karata ni dhambi na kamari ni dhambi, lakini bahati nasibu ya misheni ni kazi ya Mungu, maana fedha zinakwenda Afrika, ambako kwa kadiri nijuavyo hakuna aliyeulizwa. Kila nyumba huleta zawadi: keki, soksi za sufu, mto uliodariziwa. Kazi ya watoto wa shule ya Jumapili ni kupokea zawadi mlangoni na kuzipanga mbele karibu na mimbari.

Somo letu la wiki lilikuwa lile la mtu aletaye zawadi yake madhabahuni, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Aiache pale pale, aende kupatana naye kwanza, ndipo arudi kuitoa. Niliwafundisha kulikariri kwa maneno matatu: acha, nenda, rudi.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Tomine na keki ya krimu kubwa kama usukani wa meli. Solbjørg alisimama mlangoni akiwa ametanua mikono.

"Mama Tomine, kuna ndugu mwenye neno juu yako?"

"Nini? Nipishe, mtoto, krimu inateleza."

"Wifi yako Bertha," akasema Solbjørg.

"Bertha ana maneno juu ya kila mtu!"

"Basi weka chini, uende."

Na watoto wote nyuma yake: "Acha! Nenda! Rudi!"

Mama Tomine alicheka. Alidhani ni igizo. Akaiweka keki kwenye ngazi, akasubiri kupigiwa makofi. Nyuma yake, nani aliyekuwa anapanda? Bertha mwenyewe, na keki ya tufaha.

"Nimesikia hilo, Tomine."

"Nilitaka usikie, ulidhani nanong'ona?"

"Weka chini, Mama Bertha," akasema Solbjørg.

Kufikia saa moja, ngazi zote zilikuwa zimejaa. Inaonekana hakuna mtu Skarvøy asiye na ndugu mwenye neno juu yake. Kuna waliogombana kwa ajili ya ua, kuna waliogombana kwa ajili ya nyavu, kuna waliosahau chanzo lakini hawakusahau ugomvi. Mhubiri mgeni kutoka bara alikuja na sahani ya biskuti alizopewa na mwenyeji wake, akatabasamu na kusema yeye ni mgeni tu. "Una kaka?" watoto wakamwuliza. Tabasamu likafifia. Akainama, akaziweka biskuti chini, akaenda kusimama peke yake kando ya mlingoti wa bendera.

Kisha mvua ikaanza, na shakwe wakaja. Wa kwanza alitua kwenye keki ya Mama Tomine kwa miguu yote miwili.

"Mwiteni mwenyekiti!" watu wakapiga kelele. "Reinert! Waambie watoto watoke mlangoni!"

Baba alikuja akiwa amebeba keki ya lozi ya mama. Watu wakampisha njia. Alinitazama mimi kwanza, nami nikatazama viatu vyangu. Kisha akasema, "Wanachosema kimeandikwa kweli." Akapanda ngazi taratibu kati ya keki, mpaka akafika mbele ya Solbjørg.

"Mwenyekiti, una ndugu?"

"Ninaye mmoja."

"Ana neno juu yako?"

Watu walikuwa wakipiga kelele wakati ule wote. Ghafla nikasikia mvua. Hata shakwe walionekana kungoja. Baba angeweza kusema hapana. Angeweza kusema mambo ya watu wazima. Aliinama, akaiweka keki ya mama kwenye ngazi ya juu kabisa, akavaa kofia yake, akaenda nyumbani.

Shangazi, ndugu yake mmoja ni wewe.

Jioni ile watu walizunguka kijiji kizima wakipatana ili waokoe keki zao. Wengine walipatana kwa sauti zilizosikika mpaka bandarini. Mama Tomine na Bertha wamepatana kabisa, kwa kuwa wamegundua kwamba wote wawili wananichukia mimi. Wazee wameniambia nipumzike na shule ya Jumapili mpaka Bibi Oline atakapopona. Wanasema nina bidii isiyo na breki.

Mwanao,
Ingjerd


Skarvøy, 16 Januari 1972

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, ingawa mwaka umeshaanza kuzeeka. Asante kwa kitabu cha Krismasi. Nilitafuta barua ndani yake, nikatikisa kila ukurasa. Hapakuwa na barua.

Mama anapata nafuu ya mgongo. Baba hajambo, lakini uenyekiti ameuacha. Anakuja nyumba ya maombi na kukaa benchi la nyuma, karibu na jiko, pale wanapokaa vijana wanaotaka kutoroka mapema. Kapu la sadaka likipita analipeleka mbele bila kutia kitu. Wazee walikuja kumsihi. Nilikuwa jikoni nikiosha vikombe, kwa hiyo safari hii sikuwa nikisikiliza kwa siri.

"Reinert, mpigie simu dada yako, mambo yaishe," wakasema. "Simu ipo."

"Haikuandikwa 'piga simu'," baba akajibu. "Imeandikwa 'nenda'."

"Ni Vardø, ndugu yetu! Ni mwisho wa nchi! Mitume wenyewe wasingefika Vardø!"

"Mitume hawakuwa na dada huko."

Hata hivyo mama alimlazimisha kupiga simu sikukuu ya pili ya Krismasi. Ilipokelewa, mtu akapumua, kisha ikakatwa. Mama anasema mtu huyo alipumua kama wewe.

Nilimwuliza baba lile swali la mazishi. Alikuwa akinoa kisu.

"Tuliimba wimbo wa mazishi, beti zote," akasema.

"Kisha?"

"Kisha tukaziimba tena."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na upepo."

Mama akaweka mwiko chini. "Hapakuwa na upepo, Reinert," akasema.

Mei inakaribia. Nakuomba unijibu, hata kama jibu ni baya.

Mwanao,
Ingjerd


Vardø, 2 Februari 1972

Ingjerd wangu,

Jua limerudi. Watoto wa shule walipewa likizo kulilaki, na mimi nilitoa maandazi bure kantini, halafu watu wakalalamika kuhusu maandazi. Goti langu hivyo hivyo.

Simu niliipokea mimi. Nilipumua mimi.

Umeomba jibu, lipokee. Bibi yako, kabla hajaokoka, alikuwa mchezaji dansi aliyesifika visiwa vyote hivyo. Baada ya kuokoka hakucheza tena hata hatua moja, lakini alipokuwa akikanda mkate ulikuwa ukiiona dansi mgongoni mwake. Alipokuwa kitandani akingoja kufa, aliniomba kitu kimoja: siku ya kumtoa, nimpigie ule wimbo wa dansi aliochezea siku ya harusi yake. Nilikuwa na kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kubana ambacho wahubiri wa kwenu walikiita mapafu ya shetani. Nikaahidi.

Siku ya mazishi nilikuja nacho nyumba ya maombi. Sikutaka kupiga ndani. Nilitaka mlangoni tu, jeneza likipita. Baba yako alikuwa amechaguliwa mwenyekiti mwezi uleule. Alisimama mlangoni akatanua mikono, kama huyo Solbjørg wako. "Si hiyo, Målfrid. Si hapa." Basi nikapigia uani. Yeye akaanzisha wimbo wa mazishi, na wote wakaimba kunifunika. Nikazidisha sauti. Walipomaliza beti zote nilikuwa bado napiga, kwa hiyo wakaanza upya. Hivyo ndivyo mama yetu alivyotoka duniani: shetani upande huu, malaika upande ule, na malaika ndio waliokuwa wakikosea sauti. Nilipanda meli kesho yake.

Ungedhani ni mlango ule ulioniumiza. Sivyo. Mama alipoomba ule wimbo, hatukuwa wawili chumbani. Reinert alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Alisikia. Aliitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo mwambie asije. Wao wanauliza kama nina neno juu yake. Sina neno. Nina maneno, na hayatoshei jikoni mwangu pamoja na yeye.

Na wewe nikuulize jambo, mwalimu. Biblia ni nene. Ina nzige, nyangumi, na mwanamke aliyegeuka chumvi, vitu vyote ambavyo watoto hupenda. Nani alichagua somo lile, kwa wiki ile?

Shangazi Målfrid


Skarvøy, 20 Februari 1972

Shangazi mpendwa,

Mama anakusalimu. Gauni limeshonwa na kola inapumua. Bibi Oline ameanza kutembea kwa mkongojo, na alipoambiwa habari ya keki alicheka mpaka nyonga ikamuuma.

Swali lako nimelisoma. Mama ananiita nikate kuni, kwa hiyo sina nafasi ya kulijibu.

Nilimpa baba barua yako aisome yote, kwa sababu sikuweza kumwambia kwa mdomo. Aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja, akairudisha kwenye bahasha, akamwambia mama aoke keki.

"Ya nani?" mama akauliza.

"Ya safari."

Nilimwambia, "Baba, ameandika usije." Akasema, "Nimeona alichoandika." Nikamwambia utamfungia mlango. Akasema, "Hiyo ni haki yake."

Ameondoka asubuhi ya leo kwenda kupanda meli ya pwani. Hajawahi kuvuka mji wa Bergen, na hata kwenye kivuko cha bara hutapika. Amevaa suti ya mazishi. Mama Tomine alikuja gatini kumwambia kwamba ametia aibu nyumba ya maombi, kisha akampa chupa ya juisi ya zabibu na kumwambia afunge shingo vizuri. Solbjørg naye alikuja. Alimwuliza, "Mwenyekiti, ukirudi utaleta keki?" Baba akasema, "Nikirudi, nitairudisha mikono yangu tu. Keki itakuwa imeliwa, au itakuwa imetupwa baharini." Solbjørg akafikiri, akasema inakubalika.

Barua hii naituma kwa meli ileile, kwa hiyo huenda ikakufikia pamoja naye, au baada yake. Usipomfungulia nitaelewa. Nilitaka tu ujue kwamba hakutumwa na wazee. Wazee walimkataza.

Mwanao,
Ingjerd


Vardø, 6 Machi 1972

Ingjerd,

Kulikuwa na dhoruba, meli ilichelewa, goti langu lilikuwa limesema. Kiwanda kilifungwa kwa upepo, nami nilikuwa nyumbani nikichemsha mifupa ya supu. Barua yako haikuwa imefika. Mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Reinert."

"Reinert gani?"

"Målfrid, usinifanyie hivyo, kuna baridi."

"Umetumwa na nani?"

"Na mtoto wa mwenye duka."

Nikacheka. Hilo ndilo kosa langu. Mtu anayecheka hawezi kushikilia mlango.

Aliingia akiwa na rangi ya samaki wa juzi, na boksi la keki limemkumbatia, au yeye amelikumbatia, sikujua nani anamshika nani. Akakaa na koti lake. Nikamwekea kahawa, hakuigusa. Watu wa kwenu wana hotuba kwa kila jambo, nami niliingoja hotuba, na majibu yangu nilikuwa nimeyanoa kwa miaka kumi na moja. Akasema tu, "Nilisikia alichoomba. Nilikubali kwa kichwa. Kisha nikaogopa wangeniona sifai."

"Na sasa wanakuona unafaa?"

"Hapana."

"Unajisikiaje?"

"Benchi la nyuma lina joto," akasema. "Sikujua."

Tukakaa. Supu ikachemka. Ndipo akaniambia, "Ipige sasa. Nimekuja kuisikia."

Ikabidi nimwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Ile kodiani sinayo. Niliiuza majira yangu ya kwanza ya baridi huku, nikanunua makaa na buti. Miaka yote hii nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya wimbo ambao nisingeweza kuupiga hata kama wangenibembeleza. Nilimwambia hivyo nikiwa nimempa mgongo, na nilidhani angesema ni mkono wa Bwana. Kama angesema, ningemtupa nje na keki yake.

Hakusema. Baada ya muda nikasikia sauti. Unajua zamani wahubiri walipowachomea watu fidla zao, wazee wetu waliendelea kupiga muziki wa dansi kwa mdomo, la-la na ti-ri-ri, maana hakuna anayeweza kuchoma mdomo. Baba yako, mwenyekiti wa miaka kumi na moja, alikuwa ameketi jikoni mwangu na koti lake, akiupiga wimbo wa mama yetu kwa mdomo. Aliujua wote. Aliijua hata ile kona ya sehemu ya pili ambayo mimi nilikuwa nikiikosea siku zote, na akaikosea vilevile kama mimi, mahali palepale. Kumbe siku ile alipokuwa akiimba kunifunika, alikuwa ananisikiliza.

Sijamsamehe yote. Mwambie mama yako asiandae machozi. Lakini amelala kwenye benchi langu siku zote hizi akingoja meli igeuze, tumekula keki nzima, na barua hii ataibeba yeye mwenyewe. Nimeifunga kwa gundi mara mbili. Mwambie pia mama yako aongeze sahani moja mwezi Mei, na aniweke mbali na Tomine. Kanisani, kwenye kipaimara, nitaingia. Nyumba ya maombi nitaipita kwa nje kwanza, nione tunavyotazamana.

Swali langu hukulijibu, na sitaliuliza tena. Mwalimu mzuri hajibu kila kitu.

Ila kuna jambo moja la kukwambia wewe tu, na ukishasoma uitie barua hii motoni iungue. Alipokuwa akiupiga ule wimbo, baba yako alikaa wima kama nguzo ya gati, mikono magotini, uso wa kwenye kikao. Lakini nilitazama chini ya meza. Kisigino chake cha kulia kilikuwa kinapiga sakafu. Nikageukia sufuria ili asijue nimeona. Akaupiga mpaka mwisho, na alipofika mwisho, akauanza tena.

Shangazi yako,
Målfrid